Foleni ya Walioapa

"Anakata kulia, Sindano! Kulia, kwenye kituo cha mafuta!"

Sindano alishaona. Aliilaza Yamaha mpaka goti likakaribia kulamba lami, akapenya kati ya lori la mchanga na basi la shule, akamwacha dereva wa lori akiutaja ukoo wake mzima, na hakuna aliyetajwa kwa wema.

Mbele yake, gari dogo la kijivu lilikuwa linayumba kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka.

"Bado unamwona?" sauti ikauliza kwenye kifaa cha sikioni.

"Namwona."

"Usimpoteze, Mkuu amesema yule ndiye, na mimi nakwambia hata jana nilikuwa namwambia—"

"Kengele. Nyamaza nifukuze."

Akanyamaza. Kengele alikuwa mwanamke wa mitambo, yule anayekaa ofisini na kuwaongoza wapelelezi kwa redio. Waliompa jina hilo hawakuumiza kichwa.

Gari la kijivu likachepuka na kuingia kwenye uwanja wa kuoshea magari.

Kosa.

Uwanja ule ulikuwa na mlango mmoja tu. Waoshaji waliruka na ndoo zao. Gari likakanyaga sabuni, likazunguka kama pia, likajibamiza ukutani na kutulia, povu likishuka kwenye kioo.

Sindano alikuwa chini kabla pikipiki haijaanguka. Glock mkononi. Miguu imetanuka.

"Mikono juu! Toka taratibu!"

Mlango ukafunguka. Ikatoka mikono miwili. Likafuata begi jeusi la michezo, limevimba kama mjamzito wa mapacha. Mwisho ikatoka sura.

Sindano akashusha bastola.

"Shikamoo, mkubwa," sura ikasema, jasho likimtiririka.

Alikuwa dereva wa Mkuu.

Dereva yuleyule aliyemleta Mkuu ofisini asubuhi ile na kumfungulia mlango.

"Mbona ulikuwa unakimbia?" Sindano aliuliza.

"Mbona ulikuwa unanifukuza?"

Lilikuwa swali zuri. Sindano alivuta zipu ya begi. Noti, zimefungwa kwa raba, zimeshindiliwa kama nguo za mtu anayehama usiku bila kumuaga mwenye nyumba.

"Za nani?"

Dereva akaangalia povu. "Mkubwa, mimi natumwa tu. Mkuu alisema nipite mlango wa nyuma wa benki nizitoe zote. Zake, za mama watoto, na za ile nyumba ya pili ambayo mimi na wewe hatuijui."

*

Hapa lazima turudi asubuhi, maana moto ulianzia huko.

Mkuu wa idara ya usalama aliwaita wote kwenye chumba kisicho na dirisha. Chumba cha siri. Kiyoyozi chake kinavuja, na chini yake pana ndoo ambayo imehudumu idarani miaka mingi kuliko wapelelezi wengi.

"Simameni," Mkuu alisema. "Mkono wa kulia juu."

Wakaapa. Wapelelezi, mhasibu, mlenga shabaha, Kengele, mpaka mama wa chai, kwa sababu aliingia na birika wakati mbaya.

"Nguzo inakufa," Mkuu alisema.

Chumba kikawa baridi. Nguzo ilikuwa benki kubwa kuliko zote nchini. Mishahara ya walimu, karo, akiba za wazee, vyote vilipita pale. Watu walisema "peleka Nguzo" wakimaanisha peleka benki.

"Chanzo chetu cha nje kimethibitisha. Ndani ni kweupe. Jioni milango inafungwa na haifunguliwi tena. Sasa, wapo wageni wanaotaka kuwashtua wananchi kabla serikali haijajipanga. Mtu wa kwanza mtakayemwona anatoka na begi la pesa, huyo ndiye wakala wao. Lindeni mlango wa mbele. Na hii haitoki humu. Atakayemwambia hata mkewe, nitamfunga kwa mikono yangu."

Sindano alikwenda mlango wa nyuma. Ubishi tu. Alizaliwa nao.

Lakini kabla ya kwenda huko, alipita kwa dada yake.

Dada alikuwa na karakana ya kushona sare za shule. Vyerehani vya Singer mstari mmoja, wanawake wameinama, redio inapiga kelele peke yake. Ndiye aliyemlea Sindano walipobaki wawili. Utotoni kazi yake ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano, macho ya Dada yakishachoka, na jina likaanzia hapo. Idara walidhani ni jina la kikatili. Hakuwasahihisha.

Kila kitu cha karakana ile kilikuwa Nguzo. Malipo ya shule, pesa ya vitambaa, mishahara ya wale wanawake. Ikifungwa jioni, kesho yake Dada anaanza moja, kwa macho yaliyochoka.

"Njoo hapa," Dada alimwambia. "Kifungo cha koti kinaning'inia kama jino la mtoto."

Akamshonea akiwa amelivaa. Sindano alisimama, kidevu juu, kama alivyosimama akiwa darasa la kwanza.

"Una nini?"

"Kazi tu."

"Kazi gani hiyo haisemeki?"

"Dada, nimeapa."

Dada alimtazama. Halafu akakata uzi kwa meno. "Haya. Kama umeapa, umeapa. Sikuulizi."

Sindano akaondoka bila kusema. Kwenye taa za barabarani nusura ageuze pikipiki.

Na sasa alikuwa amesimama kwenye povu, anatazama begi la mtu aliyemwapisha. Akamwachia dereva na begi lake, akaiinua Yamaha.

*

Nguzo ilikuwa jengo la nguzo nne nene, ngazi pana, mlango wa kioo. Sindano alipofika, foleni ilishatoka nje, ikashuka ngazi, ikapita duka la viatu na kukata kona.

Alivaa kofia akaanza kuipitia kuanzia mbele.

Wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja mnene kwenye kiti cha kukunja, mwavuli juu, mkoba umebanwa na magoti. Mama mkwe wa Mkuu.

Sindano akamsalimia kwa kichwa, akaendelea.

Mume wa Kengele. Kaka wa mhasibu. Binamu za mama wa chai, kundi zima, wamekuja na chupa za maji. Mke wa mlenga shabaha. Nyuma yake kidogo, mke mwingine wa mlenga shabaha. Hawakuwa wanafahamiana. Walikuwa wanaanza kufahamiana.

Sindano akasimama. Akagusa sikio.

"Kengele. Ulimwambia nani?"

"Mimi? Sijamwambia mtu!"

"Mumeo yuko hapa kwenye foleni."

"Mume si mtu, Sindano. Mume ni mume."

"Na yeye akamwambia nani?"

"Ah, yeye hana mdomo. Labda mama yake. Na wale wa mpira."

Nyuma ya ndugu wa idara walifuata watu wa kawaida. Hawa hawakuambiwa chochote na mtu yeyote. Walipita, wakaona mama mkwe wa bosi wa usalama amekaa benki na kiti alichotoka nacho nyumbani, wakajiunga. Wewe usingejiunga?

Hakuna mgeni aliyebandika bango. Hakuna aliyelipwa kupiga kelele. Idara yenyewe ndiyo iliyobeba habari, mtu kwa ndugu, huku kila mmoja akiamini kwamba ni yeye peke yake aliyevunja kiapo.

Akampigia dereva. "Hicho chanzo cha nje cha Mkuu ni nani?"

"Mkubwa, mimi—"

"Bado nakumbuka kilichomo kwenye begi lako."

"Ni yule mshauri wa uchumi. Wanamwita Profesa. Jana walikaa mpaka basi, hoteli hiyo inayotazamana na benki. Walikula, mimi nikasubiri garini na njaa yangu."

Sindano akainua macho. Ghorofa ya juu ya hoteli, pazia moja lilikuwa wazi. Kitu kiling'aa dirishani.

Darubini.

*

Idara ilikuwa na kadi ya kufungulia kufuli yoyote ya hoteli. Ilifungua nusu. Nusu iliyobaki ilifunguliwa na bega.

Mlinzi alikuwa nyuma ya mlango, kifua kama kabati. Ngumi yake ilipita sikioni ikivuma. Sindano akainama, akampiga kiwiko cha mbavu, mlinzi akamshika koti, wakazunguka chumbani kama watu wa harusini, taa ikaanguka, meza ikaanguka. Halafu Sindano akapata pasi ya umeme iliyokuwa juu ya kitanda.

Pasi ikapiga mara moja.

Mlinzi akalala.

Kifungo kiliruka wakati huo. Kile cha asubuhi. Kilijiviringisha chini ya kitanda na Sindano hakuwa na muda wa kukifuata.

"Karibu," alisema Profesa.

Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta mbili, kikombe cha chai pembeni, miwani kwenye ncha ya pua. Hakuwa ameinuka hata kidogo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati lililotoka kwa dobi.

"Nguzo ni nzima au imekufa?" Sindano aliuliza, Glock ikitazama ile miwani.

"Asubuhi ilikuwa nzima. Sasa inakufa. Hakuna benki duniani inayoweza kumpa kila mtu pesa zake kwa siku moja. Zimekopeshwa, ziko kwenye nyumba za watu, kwenye malori, kwenye mashamba. Benki ni nzima mpaka watu waamue kuiuliza wote pamoja."

"Na wewe unapata nini?"

"Wewe umewahi kukopa simenti?" Profesa alinywa chai. "Kopa mifuko mia kwa jirani. Iuze yote leo, bei ikiwa juu. Halafu hakikisha mtaa mzima unaamini kwamba simenti ile ni mbovu. Bei ikianguka, nunua mia nyingine kwa bei ya kutupa, mrudishie jirani. Kilichobaki ni chako. Sisi tumekopa pesa yenu, tena nyingi, tumeiuza tukachukua dola. Nguzo ikifunga kabla ya saa za kazi kwisha, pesa yenu inaporomoka leo leo."

"Isipofunga?"

"Basi lazima niinunue kwa bei ya leo, na nitakayeporomoka ni mimi." Akatabasamu. "Lakini tazama nje."

Sindano akatazama. Foleni ilikuwa imefika kwenye kituo cha mabasi.

"Sikumdanganya mwananchi hata mmoja," Profesa alisema. "Nimemdanganya mtu mmoja tu, na nikamwomba sana asimwambie mtu. Kila mtu wa kwenu ameleta ndugu pale chini. Wewe umeleta nani?"

Macho ya Sindano yakashuka kwenye koti, mahali kifungo kilipokuwa.

Profesa akashusha miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Ah. Kumbe yupo mmoja aliyetunza kiapo."

"Simama."

"Unipige risasi? Piga. Foleni haitausikia huo mlio."

Hilo ndilo lililouma. Alikuwa anasema kweli. Sindano akamfunga mlinzi kwa waya wa pasi, akamfunga Profesa pingu kwenye bomba la sinki bafuni, akamwacha na chai yake mbali kidogo na mkono.

*

Alianza na ukweli. Mtu asije akasema hakujaribu.

Alipanda ngazi za Nguzo, akainua kitambulisho juu.

"Jamani! Sikilizeni! Mimi ni wa usalama! Benki hii ni nzima! Ni njama ya wageni! Hakuna haja ya kutoa pesa!"

Foleni ikanyamaza. Bwana mmoja mwenye mkoba wa ofisini akamwuliza jirani yake, "Huyu ni wa serikali?"

"Ndiyo, si unaona kitambulisho."

"Anasema benki ni nzima?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi imekwisha."

Wakasukuma. Kioo cha mlango kikapasuka kuanzia juu mpaka chini. Mtu alipiga yowe. Meneja wa benki akachungulia, tai imeenda mgongoni, akamvuta Sindano mkono.

"Ndugu yangu, tafadhali usiwatulize tena. Zilizobaki ndani hazifiki saa ya kufunga."

Sindano akageuka kwenye ngazi, na hapo akamwona.

Karibu kabisa na mlango. Futi ya kupimia shingoni, kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, bado kidoleni. Ametoka karakana mbio. Mtu alikuwa amempisha mbele, maana nusu ya akina mama wa foleni ile watoto wao walivaa kazi ya mikono yake.

Dada.

"Mdogo wangu," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Dada."

"Ulijua asubuhi."

"Nili—"

"Ulisimama nikakushonea kifungo, na ulijua. Yule mama wa kiti ndiye aliyeniambia. Anasema mliapishwa, na wote mmewaambia watu wenu. Nikamwambia si kweli. Nikamwambia kama ni kweli, mdogo wangu angeniambia." Akatazama koti. "Na kifungo kiko wapi?"

"Niliapa, Dada."

"Najua. Kwa kiapo sikulaumu hata kidogo. Nakuuliza sasa, hapa mlangoni. Nitoe, nisitoe?"

Foleni nzima ilikuwa inatazama. Sindano aliona vizuri hesabu yote, na ilikuwa mbaya. Dada akitoka na begi, kila mama aliyemfahamu ataingia kwa mabega, na Nguzo itakufa pale pale kwenye ngazi. Dada akiondoka mikono mitupu, na Nguzo ikafa baadaye, atakuwa ameuawa na ndugu yake. Angeweza kusema "Toa". Neno moja. Dada angepona, na nchi ingekwenda inakokwenda.

Angeweza pia kumwambia ukweli. Lakini ukweli alikuwa ameutoa sasa hivi kwenye ngazi, na kioo kilichopasuka kilikuwa bado kinadondoka.

Akainama sikioni kwake.

"Usitoe. Jioni Nguzo inanunuliwa na benki kubwa ya nje. Kila akaunti yenye pesa zake ndani mpaka saa ya kufunga inapewa hisa. Bure."

Dada akarudi nyuma amtazame machoni. "Kweli?"

"Kweli."

"Hisa?"

"Ni siri kuu, Dada. Apa kwamba hutamwambia mtu."

Alitaka Dada avunje. Alikuwa anategemea avunje. Yupo nani pale aliyeapa asivunje? Nyuma, wanawake wa karakana walikuwa wanamtazama Dada kama watu wa chomboni wanaomtazama nahodha. Akiwanong'oneza wale, wao watawanong'oneza wengine, na foleni itageuka.

"Naapa," Dada alisema.

Akatoka kwenye foleni. Akakaa kwenye ngazi, mkoba mapajani.

"Dada, vipi?" mmoja wa wanawake wake akamwita. "Mbona umetoka? Tutoe au tuache?"

"Mimi nimeamua kusubiri."

"Kuna nini?"

"Msiniulize zaidi ya hapo."

"Si utuambie! Si sisi hawa?"

Dada akafunga mdomo. Sindano alimwona anaufunga, kama anavyofunga mfuko wa sare zilizokwisha pigwa pasi. Wale wanawake walimtazama, halafu wakatazamana, halafu wakasogea mbele na foleni.

Sindano akasubiri.

Hakuna kitu. Hata mnong'ono.

Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu anayejua kutunza siri, na Sindano alikuwa amekwenda kumpa huyo huyo.

Ndani, keshia mmoja alianza kufunga dirisha.

Sindano akagusa sikio. "Kengele."

"Nipo."

"Nina siri."

Pumzi ya Kengele ikasikika ikibadilika. "Siri gani?"

Akamweleza. Hisa. Benki ya nje. Saa ya kufunga. "Hii haijafika hata kwa Mkuu. Usimwambie mtu yeyote. Hata mumeo."

"Mimi? Sindano, unanijua mimi!"

"Ndiyo maana nakwambia."

Kifaa kikakatika. Sindano akamtafuta mume wa Kengele kwa macho.

Simu ya yule bwana ikalia. Akaipokea. Akageuka ukutani, akaziba kinywa kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasema "usiniambie", akasema tena. Kisha akatoka kwenye foleni polepole, akipiga mluzi kama mtu asiye na habari, akaingia upande wa dirisha la kuweka.

Kaka wa mhasibu alimwona.

Simu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kama vifaranga. Mhasibu akimpigia kaka. Mama wa chai akipiga kwa binamu zake wote, maana hakutaka mmoja alalamike. Wake wa mlenga shabaha walipigiwa na mtu mmoja, kwa maneno yaleyale, na kila mmoja akaambiwa kwamba ni yeye tu anayejua. Wakatazamana. Wakaondoka pamoja.

Mama mkwe wa Mkuu alisikiliza simu yake kwa muda mrefu. Alipomaliza, alisimama, akafunga mwavuli, akakunja kiti.

Foleni nzima ilikiona kile kiti kikikunjwa.

Na kabla mtu hajauliza, gari dogo la kijivu, ubavu umebonyea, lilisimama mbele ya ngazi. Dereva wa Mkuu akashuka na begi jeusi, akapanda nalo kupitia mlango wa mbele safari hii, jasho lilelile usoni.

"Anarudisha!" mtu akasema. "Bosi wa usalama anarudisha!"

Ikawa vurugu upya, ila kwa kuelekea upande mwingine. Watu waliokuwa wamepigana kutoa wakapigana kuweka. Bwana wa mkoba wa ofisini alikuwa anamsukuma mzee wa watu ili aingize pesa alizotoka kuzitoa sasa hivi. Keshia aliyekuwa anafunga dirisha akalifungua tena, akicheka na kulia kwa pamoja.

Saa ya kufunga, Nguzo ilifunga. Kawaida. Kama siku zote.

*

Sindano alipanda tena hotelini. Mlango uliovunjika ulikuwa umeegeshwa kwa adabu.

Ndani alikuwepo Mkuu. Amepiga magoti bafuni, anafungua pingu kwa funguo zake mwenyewe, taratibu sana, asije akamfinya Profesa.

"Sindano!" Mkuu alisema. "Kazi nzuri! Hongera. Hebu niambie, hizo hisa zinagawiwa lini?"

"Hakuna hisa, Mkuu."

Mkuu alibaki ameshika funguo. Uso wake ulipita rangi kadhaa. "Hakuna hata kidogo?"

"Huyu ndiye aliyekudanganya jana. Naomba nimpeleke rumande."

"Huyu bwana anaondoka." Mkuu aliinuka, akajipangusa magoti. "Benki Kuu imemwaga dola mchana kutwa ili pesa yetu isianguke. Ghala limebaki na buibui. Mwezi ujao nchi itahitaji mkopo, na wako wangapi duniani wa kutukopesha baada ya leo? Mfuko wa uwekezaji wa huyu ndio umekubali."

"Mfuko wake si umepata hasara leo?"

"Umepata," Profesa alisema, akisugua kifundo cha mkono. Hakuonekana na furaha. Hilo angalau Sindano aliondoka nalo. "Kubwa. Itabidi niirudishe mahali." Akavaa miwani, akachukua kompyuta zake, akamwamkia Mkuu kwa kichwa. "Riba tutazungumza."

Alipofika mlangoni akasimama.

"Yule uliyemnong'oneza sikioni," akamwambia Sindano. "Alikaa kwenye ngazi mpaka mwisho. Nilimtazama kwa dirisha la bafuni. Hakumwambia mtu. Sijawahi kuona."

Akateremka kwa lifti.

*

Hisa zilisubiriwa juma zima. Halafu gazeti likaandika kwamba Nguzo haijanunuliwa wala haitanunuliwa, na Mkuu akapewa nishani kwa kuiokoa.

Sindano aliegesha Yamaha nje ya karakana. Ndani, redio ilikuwa imezimwa. Vyerehani vitatu vilikuwa vimefunikwa kwa kitambaa.

Dada alikuwa peke yake, anaunga kola.

"Wako wapi?" Sindano aliuliza.

"Wameondoka. Wamefungua chumba chao huko mbele." Hakuinua kichwa. "Habari ya hisa waliipata kwa yule mama wa kiti. Wakasema mimi nilijua, nikawaacha foleni wanasukumwa, ili nipate peke yangu. Mmoja alivunjika mkono pale mlangoni, umesikia? Wakaniuliza, Dada, ulijua? Nikasema nilijua. Nilikuwa nimeapa."

"Pesa zako zimepona, Dada. Zote zipo."

"Zipo." Cherehani kikakimbia kidogo, kikasimama. "Kulikuwa na hisa?"

Kwenye kazi yake Sindano aliwahi kudanganya mbele ya mashine ya kupimia uongo, na mashine ikamwamini.

"Hakukuwa na hisa," alisema.

Dada akatikisa kichwa taratibu, kama anayesikia bei ya kitambaa.

"Kama ungeniambia ile kweli," akasema, "kwamba tukitoa wote inakufa, na tukikaa inapona. Ningekaa. Ningekaa vilevile, palepale kwenye ngazi. Hilo hukulijua?"

Sindano alisimama mbele yake, kidevu juu, koti likiwa wazi mahali kifungo kilipokuwa.

Dada aliliona. Akavuta mtoto wa meza, akachagua kifungo kinachofanana, akachomoa sindano kwenye kitambaa cha bega. Sindano akasogea, akainua mkono kidogo kama alivyozoea.

Dada akaweka vyote vitatu kwenye kiganja cha mdogo wake. Kifungo, sindano, uzi.

"Jishonee," akasema, akarudi kwenye kola.

Nje jua lilikuwa kali. Kifaa cha sikioni kikakwaruza.

"Sindano! Upo? Mkuu anakuita, ana kazi mpya, tena kubwa, kasema siri kabisa, ila mimi nimesikia kwamba—"

Akakichomoa, akakitia mfukoni. Akavaa miwani yake nyeusi, akapanda Yamaha, akaondoka bila kugeuka nyuma, mwendo wa pole, kama walivyofundishwa. Upepo uliingia kwenye koti kwa upande mmoja. Kiganja kimoja kilishika usukani kwa vidole viwili tu, maana ndani yake kulikuwa na kitu kinachochoma.